Uji Niliouandika

Ilianza siku ya Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Najua saa kamili kwa sababu juu ya mzani wa kliniki kulikuwa na saa ya ukutani, na mimi nikiwa mbele ya watu huwa natazama ukuta. Mama alivua viatu, akavua kitambaa cha kichwa, akavua hata ile sweta yake ya kahawia, akapanda. Mshale ukacheza kidogo, ukatulia. Mtaalamu wa lishe akainama, akasoma, akamwambia ashuke. Kisha akamwambia apande tena.

"Sasa shuka upande mara ya tatu, mama," alisema. "Labda huu mzani unanidanganya."

Mzani ulikuwa mzima. Aliyedanganya ni mimi, na uongo wenyewe nilikuwa nimeupakata mapajani, umefungwa jalada la kaki, umeandikwa kwa kalamu ya buluu bila doa hata moja.

Mama alikuwa amepungua kilo mbili katika mwezi mmoja.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kifua. Alikuwa ameanza vidonge miezi mitatu nyuma, na sisi watoto tulipimwa tukaambiwa tuko salama. Hospitali ilikuwa inafanya utafiti. Walitaka kujua kama mgonjwa wa kifua akipewa chakula kizuri pamoja na dawa atarudisha uzito na kupona upesi kuliko yule anayepewa dawa na mawaidha tu. Wengine walipewa unga, wengine hawakupewa, wote walipimwa kila mwezi. Mama aliangukia upande wa unga. Alisomewa fomu, akaambiwa anaweza kujitoa siku yoyote na vidonge vyake vitaendelea, akaweka kidole gumba.

Yule mtaalamu alikuwa mwanamke wa Embu. Aliongea na Mama kwa Kiembu, Mama akamjibu kwa Kimeru, wakaelewana vizuri huku kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeharibu lugha.

"Ni wimbi, mahindi na soya," alisema siku ya kwanza, akimkabidhi mfuko. "Vikombe viwili kwa siku. Asubuhi na saa kumi. Ni wa mgonjwa peke yake, umenisikia? Huu si unga, huu ni dawa."

Mama alifungua mfuko akanusa. "Dawa gani inanukia hivi?"

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa natazama ukuta.

Kwa kuwa Mama aliachia shule darasa la tatu, na mimi nilikuwa kidato cha pili, daftari la chakula nilipewa mimi. Lilikuwa na safu tatu: saa, chakula, kipimo. Nilifundishwa kupima kwa macho. Ugali unaotosha ngumi, nyama ya kiberiti kimoja, mboga za kiganja. Yule mtaalamu hakunipigia kelele kama walimu wanavyofanya wakiona mtu hajibu. Aliniambia, "Wewe andika tu. Usiniongeleshe kama hutaki." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hivyo. Nilirudi nyumbani nikalivika lile daftari jalada kabla hata ya kunywa maji.

Sasa niseme jinsi mambo yalivyokwenda, maana sikuamka siku moja nikaamua kuwa mwongo.

Kwetu ni chini ya soko la Kanyakine, kwenye mteremko wa migomba na kahawa. Baba anafunga mabunda ya miraa mjini Maua na huja mara chache. Nyumbani tulikuwa Mama, mimi, na wadogo zangu wawili wa kike, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka minne. Uji kwetu hupikwa sufuria moja. Anayepewa kwanza ni mtoto mdogo, kisha anayemfuata, na aliyepika hunywa kitakachobaki. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ni vile tu mambo yalivyo, na mama anayeshika kikombe huku watoto wake wana mikono mitupu atasemwa kisimani mpaka ahame.

Asubuhi ya kwanza Mama alipima unga wa kikombe kimoja, kama alivyoambiwa. Ukachemka. Harufu ikajaa jikoni. Mdogo wangu wa miaka minne akaja akasimama karibu na goti la Mama. Hakuomba. Alisimama tu, akatazama.

Mama akaongeza maji, akaongeza unga, akakoroga. Akatoa vikombe vitatu. Sufuria ilipobaki tupu alimimina maji moto ndani, akazungusha, akayamimina kwenye kikombe cha bati, akanywa. Yalikuwa meupemeupe. Mimi nilikuwa nimekaa na kalamu, na kwenye safu ya pili na ya tatu nikaandika: uji, kikombe 1. Nilijiambia kuwa kilikuwa kikombe kweli, na ndani yake kulikuwa na uji kwa namna fulani.

Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Zilizofuata zilikuwa rahisi.

Jioni ya siku hiyo Mama aliniuliza, "Umeandika nini?"

"Uji."

"Andika hivyo. Andika vile walisema."

Mfuko uliopaswa kumaliza mwezi uliisha siku ya kumi na mbili. Nikaendelea kuandika. Asubuhi, uji, kikombe 1. Saa kumi, uji, kikombe 1. Mfuko mtupu tayari tulikuwa tumeuosha tukaufanya wa kuwekea chumvi. Niliogopa kwamba wakijua watatuachisha, na unga wenyewe ulikuwa mtamu. Lakini nisijitetee sana. Nilipenda pia jinsi safu zilivyonyooka. Mwezi wa pili yule mtaalamu alilichukua daftari langu akalionyesha wagonjwa wengine kwenye benchi. "Mnaona? Hivi ndivyo nataka." Watu wakanigeukia. Kwa mara ya kwanza sikutafuta ukuta.

Nilikuwa na daftari lingine. Lilikuwa la miraba, la hesabu, nililomaliza upande mmoja tu, na nililificha ndani ya gunia la magunzi. Humo nilikuwa naandika mambo yangu tangu darasa la saba, na humo sijawahi kudanganya, labda kwa sababu hakuna aliyelisoma. Humo niliandika: Leo unga umekwisha. Kesho nitaandika vikombe viwili kama kawaida. Niliandika: Mama amekunywa maji ya sufuria. Niliandika na hili, ambalo ndilo lililonisumbua kuliko yote: Sketi yangu ya shule inanibana. Mwezi ule ule ambao mimi nilihamisha kifungo cha sketi, Mama alianza kufunga yake kwa kamba.

Basi Alhamisi hiyo, Mama aliposhuka mzani mara ya tatu, yule mtaalamu alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Unga unakunywa, mama?"

"Nakunywa."

"Wote?"

Mama alinitazama. Mimi nilitazama saa.

"Kila kitu kiko kwa daftari," Mama alisema.

Yule mtaalamu akalifungua. Alipitisha kidole kwenye safu zangu, ukurasa baada ya ukurasa, polepole. "Huyu msichana wako anaandika kama karani wa korti. Asubuhi kikombe, saa kumi kikombe. Mwezi mzima hajaruka hata siku moja." Akalifunga. "Basi shida si chakula."

Akaeleza. Mtu akila vizuri, akameza vidonge vizuri, na bado anapungua, daktari lazima ashuku kwamba vidonge vimeshindwa na ugonjwa. Kesho, Ijumaa asubuhi, daktari angepitia mafaili. Akiona haya anaweza kuamua Mama alazwe, apimwe makohozi tena, na pengine aanzishiwe dawa nyingine.

"Hizo nyingine ni kali," alisema. "Ni sindano, na ni za muda mrefu. Sikufichi. Kuna watu zimewaharibu masikio."

"Masikio?" Mama alicheka kidogo, lakini mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kiti. "Na hawa watoto wakiniita nitasikia na nini?"

Hapo nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri, nilikuwa na sentensi kamili tayari. Kilichotoka ni kikohozi. Na katika kliniki ile kikohozi si jambo dogo. Kila mtu chumbani aligeuka, muuguzi akanyanyua kichwa kutoka mezani, yule mtaalamu akaniuliza kama kinanisumbua tangu lini. Nikatikisa kichwa. Sentensi ikarudi ilikotoka.

Tulipewa mfuko mwingine. Ni mimi niliyeubeba mpaka nyumbani. Mama alisimama mara nne njiani kupumzika, kila mara akijifanya anatazama kahawa ya watu.

Saa kumi wakaja akina mama wa kanisa.

Walikuwa watano, wamevaa vitambaa vya kichwa vya ibada ya Alhamisi, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mwanamke mkubwa mwenye sauti inayofika mbele kabla yake.

"Hodi wenyewe! Tumesikia mgonjwa ameenda kliniki, tukasema hatulali bila kumwona." Akaniona mlangoni. "Wee mwari, umerefuka kama nguzo ya simu! Bado huongei?"

"Huyu huongea na kalamu," akasema mwingine nyuma yake.

"Basi atakayemwoa anunue wino."

Wakacheka wakiingia. Nami nilicheka kidogo chini chini, maana ilikuwa kweli.

Kwetu mtu hatoki kwa mgonjwa akiwa na mdomo mkavu. Mgonjwa anaweza kuwa hawezi kukaa, lakini moto utawashwa. Mama aliniita kwa jicho. Nilimfuata jikoni.

"Weka sufuria kubwa."

"Kuna majani ya chai," nilinong'ona.

"Maziwa yako wapi? Watu wamepanda huu mlima kuniombea, niwape turungi? Pika uji. Pika ule mzuri."

Nikapika. Kutoka sebuleni niliwasikia wakiomba. Waliomba kwa nguvu na kwa muda mrefu. Mwenyekiti alimwomba Mungu arudishe nyama kwenye mifupa ya dada yao, amrudishie nguvu, amfungulie hamu ya chakula. Wengine wakasema amina, amina. Mimi nilikuwa nakoroga chakula chenyewe, vikombe sita, na nilijua ni akina nani watakaokinywa.

Tulikuwa na vikombe sita tu. Vitano vya wageni. Cha sita nilikipeleka kwa Mama mwenyewe, nikamwekea mkononi. Aliwapa wadogo zangu wagawane, bila hata kutazama, kama mtu anavyofukuza nzi.

"Huu uji ni mzito, na mtamu!" alisema mwenyekiti. "Umeweka nini?"

"Ni wa hospitali," Mama alijibu, na niliona amejivuna.

"Wa hospitali? Basi kesho na mimi naanza kukohoa."

"Wewe? Wakikuweka kwa mzani watakuomba uwarudishie unga!" akadakia mwingine.

Mama alicheka mpaka akashika kifua, akakohoa, akafuta macho, akaendelea kucheka. Tangu augue sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Alikuwa mwenye nyumba tena, mwenye wageni walioshiba, si mtu wa kuonewa huruma. Sikujua jambo kama hilo linaandikwa kwenye safu ipi.

Walipoondoka jua lilikuwa bado liko juu ya migomba. Mama alimimina maji moto kwenye sufuria, akazungusha, akanywa akiwa amesimama. Nilichukua daftari la kaki. Nikaandika: Saa 10. Maji ya kusuuza sufuria. Nusu kikombe.

"Soma," Mama alisema.

Nilisoma.

Aliweka sufuria chini. Kisha akasema, "Futa."

"Ni kalamu ya wino."

"Basi ng'oa karatasi."

Sikung'oa. Sikumwambia sitang'oa, sikuwa na ujasiri huo. Nililishika tu daftari kifuani kwa mikono miwili.

"Wakijua watachukua unga," alisema. "Na hawa watakunywa nini?" Wadogo zangu walikuwa mlangoni, yule mdogo bado analamba kingo za kikombe.

"Na wewe?"

"Mimi nina vidonge."

"Watakupiga sindano za kuharibu masikio kwa sababu yangu," nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wadogo zangu walinitazama kama nimezungumza Kijerumani.

"Si kwa sababu yako. Mimi ndiye niliyekwambia uandike."

"Mkono ni wangu."

Mama alikaa kwenye kigoda. Alitazama moto, ambao ulikuwa karibu kuzimika, na aliponijibu hakuwa na hasira tena. "Niambie kitu kimoja, mwari. Mtoto wako akikutazama hivyo huku una kikombe mdomoni, utameza?"

Nilifikiria. Nilitaka kusema nitameza. Nilikumbuka mdogo wangu kwenye goti lake asubuhi ile ya kwanza, na kwamba hata mimi, niliyekuwa na kikombe changu kizima, nilikuwa namtazama Mama kwa macho yale yale. Mama alipolala nililitoa daftari la miraba kwenye magunzi nikaliandika swali lake jinsi lilivyo.

Ijumaa niliamka kabla ya wadogo zangu. Nilivaa sketi ya shule, ile inayonibana, ingawa zilikuwa likizo, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine ya kuendea ofisini. Nilikuwa na madaftari yote mawili kwapani. Mama alikuwa nje akiosha uso. Aliyaona. Alilitazama lile la miraba, ambalo hakuwahi kuliona, na nadhani alielewa. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Aliingia jikoni akatoka na kiazi kitamu kilichookwa, amekifunga kwenye jani la mgomba.

"Beba. Hujala."

"Na wewe?"

"Nenda, utachelewa."

Nilikiweka mfukoni.

Nilifika kliniki kabla benchi halijajaa. Yule mtaalamu alikuwa anapanga mafaili ya kupelekwa kwa daktari. Alipoinua macho nilikuwa nimesahau salamu, nimesahau kila kitu. Nikampa daftari la miraba, nimelifungua kwenye ile siku ya kumi na mbili.

Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa. Akaomba lile la kaki, akayaweka pamoja mezani, kidole kimoja kwenye hili na kingine kwenye lile, akawa anashuka siku kwa siku. Alipofika kwenye sketi alituliza kidole, akanitazama kiunoni, akaendelea.

"Wewe ulikuwa unapata kikombe?" aliuliza.

"Kimoja. Siku zingine kimoja na nusu."

Nilingoja anigombeze. Badala yake aligeuka akatazama rafu nyuma yake, walikopanga madaftari yaliyojaa ya wagonjwa wengine wa unga. Mengi yalikuwa safi. Machache yalikuwa na jalada la kaki kama langu. Labda ni mimi niliyewafundisha. Aliyatazama kwa muda mrefu. "Na haya?" alisema kwa Kiembu, na hakuwa ananiuliza mimi.

Kisha akavuta faili la Mama kutoka kwenye rundo, akaandika karatasi nzima, akaibana juu. "Daktari atasoma hii kwanza. Makohozi tutapima tena, hilo halikwepeki. Lakini hatuwezi kusema dawa zimeshindwa, wakati mtu hajala. Nitamwomba asimlaze leo. Jumatatu nitakuja kwenu mwenyewe, na wadogo zako nitakuja kuwapima."

"Mtamnyang'anya unga?"

"Sijui. Nitawauliza wakubwa. Nikikwambia hapana sasa hivi, nitakuwa naandika kama wewe."

Nilistahili hilo.

Alichukua fomu mpya, ile wanayotumia kumuuliza mtu alichokula kwa siku nzima. "Tuanze upya," alisema. "Jana, tangu alipoamka. Na leo usiandike. Niambie kwa mdomo."

Kulikuwa na watu wawili tayari kwenye benchi. Walikuwa wanasikia. Nikaanza. Saa kumi na mbili asubuhi, turungi, nusu kikombe, nusu nyingine alimpa mdogo wangu. Saa saba, githeri ya mahindi na maharagwe, vijiko vitatu. Nilihesabu, vilikuwa vitatu. Saa kumi, maji ya kusuuza sufuria. Jioni, githeri iliyobaki, vijiko viwili, na ukoko. Alikuwa anaandika haraka na mimi nilikuwa naendelea, na sikumbuki kama kulikuwa na saa ukutani.

"Na leo asubuhi amekula nini?"

Nilitoa lile jani mfukoni nikalifungua mezani. "Hiki. Lakini alinipa mimi."

Alikitazama kile kiazi. Akakichukua, akakiweka kwenye mzani mdogo wa chakula, akasoma, akaandika. Kisha akakifunga tena kwenye jani na kunirudishia.

"Mpelekee," alisema. "Na usiondoke mbele yake mpaka kiishe."

Nilipanda mlima nacho. Nilimkuta Mama kwenye kigoda uani, anachambua maharagwe. Wadogo zangu walikuwa wameenda kuteka maji, na niseme ukweli, nilifurahi kwamba hawapo. Niliketi chini mbele yake, nikafungua jani.